Mpiganaji aliyerudi: kliniki, tambiko au maombi?

Kaskazini mwa Uganda, mtu aliyepigana upande wa LRA, waasi walioteka watoto wengi na kuwafanya askari, akianza kushtuka usiku na kuwaona aliowaua, kliniki itamwambia ana maradhi ya kiwewe. Waacholi wenzake watasema ana cen, yaani roho ya aliyeuawa inamwandama, na inaweza kuwageukia hata ndugu zake.

Kliniki ina ushahidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 uliwahusu watu 85 wenye kiwewe, waliowahi kutumikishwa vitani wakiwa watoto. Waliosimulia maisha yao kwa vikao vinane, tukio baada ya tukio, walipata nafuu kuliko waliopewa masomo ya ziada na waliowekwa kusubiri. Waliowasikiliza walikuwa wenyeji waliofunzwa kazi hiyo, kwa hiyo wanaodai kwamba tiba hii ni ya Wazungu watafute hoja nyingine.

Lakini kliniki humpokea mtu huyu kama aliyetendewa. Ni kweli, alitekwa. Kinachomnyima usingizi, hata hivyo, mara nyingi ni alichotenda yeye, na hapo kumwambia "si kosa lako" hakutoshi. Cen inamtaja marehemu na inadai deni lilipwe. Kwa hilo naona wazee wameliona jeraha ambalo dodoso la daktari hulipita.

Tatizo ni kwamba mila zenyewe zina mipaka. Kukanyaga yai, nyono tong gweno, humrudisha nyumbani aliyekaa mbali, hakufuti damu. Mato oput hupatanisha koo mbili baada ya mauaji, ila sharti muuaji akiri, ukoo wa marehemu ujulikane na fidia itolewe. Kijana aliyeswagwa usiku kutoka kijiji hadi kijiji atajuaje marehemu ni wa ukoo gani? Tena, akishajulikana ana cen, majirani humkwepa, watoto wasimsogelee.

Walokole nao huyaita hayo yote ushetani na kumwombea. Wapo wanaopata utulivu wa kweli, pamoja na waumini wa kukaa nao, jambo ambalo kliniki haigawi. Ila ndoto zikirudi, wengine huambiwa imani yao ni haba. Hilo kwangu ndilo baya kuliko yote, maana mgonjwa anaongezewa hatia juu ya hatia. Mchungaji au mzee asiyekuwa tayari kumpeleka mtu kliniki asimguse; na mshauri anayecheka akisikia neno cen naye atafute kazi nyingine.