Sumu Yangu Imewanenepesha

Jamani, leo sisemi na mtu. Nimeamka macho mekundu, shingo imekakamaa, na ukiniuliza nilikuwa nafanya nini hadi saa nane za usiku nitakujibu kwa heshima zote kwamba nilikuwa nawalisha wafu. Nawalisha sumu. Na wameshiba.

Kwenye gemu za kompyuta, uchawi wa sumu ya kundi unawafaa watu wa aina yangu, tusiopenda kurudia kazi. Wenzangu wanajenga mhusika mpiga panga: anamkata huyu, anahamia kwa yule, jasho linamtoka kutwa. Mimi nikaona huo ni ukibarua. Mimi nataka niachie wingu moja, nikunje mikono, maadui wakohoe wenyewe mpaka waishe. Kwa hiyo kila nilipopanda leveli, pointi zote nilizitupia huko. Leveli nne mfululizo! Gemu yenyewe ni Divinity: Original Sin II, ile ya mwaka 2017, na wanaoijua najua wameshaanza kucheka. Chekeni tu.

Basi tumeingia kaburini. Wafu sita wamesimama pamoja, wamebanana vizuri, hata ningewapanga mwenyewe nisingewapanga vile. Mpwa wangu amejikunja pembeni na simu yake. Nikamwambia, "Hebu weka hiyo simu chini, uone mjomba wako anavyofanya kazi."

Nani alinituma?

Nikaachia. Wingu likatanda, la kijani, zito, nikalitazama kama mtu anavyotazama nyumba aliyoijenga mwenyewe. Yule mfu wa mbele, mpiga mishale wangu alikuwa ameshamfikisha nusu ya uhai. Ule mstari wake wa uhai ukaanza kusogea. Ila unasogea kwa kurudi. Unajaa.

"Mjomba, mbona yule anapona?"

"Subiri. Sumu haina papara."

Tukasubiri. Zamu ikazunguka. Yule mfu akajaa pomoni, akanyoosha mgongo, naapa alinyoosha mgongo, akaenda kumtandika mganga wangu utosini. Mwenzake aliyekuwa hoi kabisa naye akasimama wima, kama ametoka likizo.

Mtu mwenye akili angeacha hapo. Mimi nikasema labda ya kwanza haikukolea, nikaongeza ya pili.

"Mjomba, imeandikwa hapo. Sumu inawaponya wafu."

"Wapi?"

"Hapo."

Na kweli imeandikwa. Kuna hata kipaji cha kumchungulia adui ujue kipi kinamuumiza na kipi kinampa raha. Changu kilikuwa sifuri, maana pointi zilikuwa na safari nyingine.

"Najua," nikamjibu. "Huo ni mtego."

Sasa ukishasema ni mtego, mbele ya mtoto wa dada yako, lazima mtego uwepo. Nikakumbuka jambo moja la kweli: katika gemu hii wingu la sumu likiguswa na moto linalipuka. Nikajikohoza. Nikamwamuru mpiga mishale, mshale wa moto, pale pale katikati. Nilichosahau ni kwamba mpiga panga wangu nilishamtuma mwenyewe, zamu iliyopita, akasimame katikati ya lile wingu awazuie wasitoke.

Wingu lililipuka vizuri. Hilo siwezi kulinyima sifa. Wafu wakaungua kidogo, lakini niliwanenepesha mimi mwenyewe, walikuwa na akiba ya kuungulia. Mpiga panga hakuwa na akiba.

Akabaki Fane. Fane ni mwenzetu, naye ni mfu, mifupa mitupu, tena lazima afunike uso mbele za watu wasije wakampigia mayowe. Moto ulimpitia, amebakiwa na uhai wa kuombea. Na mimi nina roho nzuri, ndiyo shida yangu. Nikamwita mganga, nikamwambia mponye Fane.

Fane akaanguka.

"Umemuua," mpwa wangu akasema.

"Nimemponya!"

"Ndiyo. Umemuua kwa kumponya."

Hapo ndipo uungwana uliponiishia. Dunia gani hii? Sumu inaponya, dawa inaua, na mimi natakiwa nilikumbuke hilo usiku wa manane, baada ya kutwa nzima ya kuambiwa na watu wengine kipi ni kipi? Mbona panga halina masharti? Panga ukimpiga nalo mtu haliulizi kwanza kama marehemu aliwahi kufariki!

Na si hapa tu, sumu imenitesa tangu zamani. Katika Final Fantasy VII ya 1997 niliunganisha jiwe la sumu na lile la kusambaza uchawi kwa wote, nikajiona profesa. Nikafika kwa bosi niliyemkusudia, sumu haimshiki. Kwenye Pokémon, gemu ya kupiganisha viumbe, kiumbe wa chuma hata umwogeshe sumu, anakutazama tu. Lakini wako wewe akiambukizwa, kwenye zile za mwanzo, kila hatua nne anapungukiwa, unatembea unahesabu hatua kama mdaiwa. Na Baldur's Gate II ndiyo kabisa: ustaarabu wake ni kurusha wingu chumbani ukafunga mlango. Nilirusha, nikafunga. Kugeuka, mtu wangu mmoja simuoni. Yumo ndani na wageni.

Ukiangalia sana, sumu ya kundi inawaua wale ambao wangekufa hata kwa kupigwa kofi. Wale uliowanunulia sumu, haiwahusu.

Mpwa wangu akaniomba padi. Akarudi nilipohifadhi mara ya mwisho, na niliposema nilihifadhi wapi alinitazama kwa jicho la mama yake. Akamtanguliza mganga. Akaanza kuwaponya maadui. Mmoja mmoja, anawaponya, wanakufa. Hakunena neno, na afadhali angenena.

Baadaye akafungua begi langu. "Mjomba, hizi chupa zote za sumu za nini?"

"Nazitunzia pambano kubwa."

"Si ungempa Fane anywe? Angepona."

Nikamwambia aende akalale, kesho shule. Akaniambia kesho ni Jumapili.

Sasa hivi nazihesabu. Zilikuwa 11 kwenye begi langu. Nimefungua na mabegi ya wenzangu, ziko 12. Ya 12 alikuwa nayo Fane mwenyewe.