Herufi Moja na Chama cha Omena

Shangazi yangu ndiye mwekahazina wa chama cha kina mama wauza omena, wale dagaa wa ziwani, hapa Kisumu, soko la Kibuye. Hesabu zote zilikuwa kwenye daftari moja, linalonuka omena hadi paka wa jirani analifuata. Mimi, na wiki zangu tatu za kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, nikamwambia, "Shangazi, hii ni aibu. Tuhamie kompyuta."

Nilikesha siku mbili nikinakili. Wanachama 22, kila mchango na tarehe yake, faili nikaiita michango.txt. Halafu nikaandika programu ndogo ya kuongeza michango mipya. Sikuijaribu. Fundi hajaribu, fundi anajua.

Jumapili sebule ya shangazi kule Nyalenda ikajaa leso na chai ya maziwa. Meza ilikuwa inayumba, nikachukua kitu kilichokuwa karibu, nikakisokomeza chini ya mguu mfupi, laptopu ikatulia.

Wa kwanza kulipa alikuwa yule mama ambaye kila chama kinaye: Mama Nitaleta Wiki Ijayo. Siku hiyo aliwahi, alitaka kuona kompyuta. Akafungua fundo la leso, akatoa shilingi 50. Nikaandika jina lake, nikabonyeza. Skrini ikasema, "Imehifadhiwa." Makofi!

"Haya nyathina, mwanangu, sasa tusomee zote," shangazi akasema, amejaa fahari.

Nikasoma. Jina lake, 50. Nikashuka chini. Hakukuwa na chini.

Nikafunga faili, nikafungua tena. Mstari ule ule mmoja, umekaa kama mjane. Ndipo nikaangalia programu yangu:

open("michango.txt", "w")

Hiyo w haina huruma. Ikikuta faili ina kitu, inafuta chote palepale inapoifungua, hata kabla hujaandika neno. Niliyoitaka ni a, inayoongeza mwishoni na kuacha ya zamani salama. Somo hilo nililiruka, nikikimbilia mchezo wa kubahatisha namba.

"Inasema nini?"

"Inasema... amelipa huyu peke yake."

Mama Nitaleta akapiga kigelegele. "Kompyuta haidanganyi! Kumbe miaka yote nawalisha mimi!"

Wengine 21 wakanigeukia. Mwenyekiti akaanza kuvua kiatu, polepole, bila kusema kitu.

"Daftari liko wapi?" shangazi akauliza, kwa ile sauti ya chini.

Nikatazama mguu wa meza. Naye akautazama. Nikapiga magoti, nikalivuta daftari kwa nguvu. Lilitoka zima, hata harufu haikupungua. Lakini meza ikalala upande, laptopu ikateleza na kutua mapajani mwa Mama Nitaleta, akaikumbatia.

"Hii nakaa nayo," akasema, "mpaka mnihesabie pesa zangu."

Pesa zilihesabiwa jioni ile ile, kutoka daftarini. Ana deni la miezi minne. Laptopu nimemdai mara tatu, na kila mara ananiambia ataleta wiki ijayo.