Shemeji Alivyoingia Kwenye Wimbo Bila Kualikwa

Mi ni prodyuza, studio yangu iko Mwananyamala, chumba cha uani, godoro limeegemezwa ukutani, trei za mayai darini, na feni tunaizima kila tukirekodi kwa hiyo msanii anatoka kaloa. Nina msanii mmoja wa kike, jina namsitiri maana bado namdai. Huyu dada anaimba jamani, ana ile sauti nzito ya kwaya, akiipeleka kwenye mapenzi mlinzi wa jirani anazima redio. Shida ilianza alipokolea albamu ya Adele, yule mwimbaji wa Uingereza, ile 21, na sio nyimbo tu, kakolea mpaka na namna ilivyotengenezwa.

Kila sentensi Adele. Adele kazaliwa Tottenham, Adele albamu ya kwanza ilitoka 2008 akaiita 19 kwa sababu ya umri, ya pili ikatoka Januari 2011 nayo ikawa 21, Februari 2012 kaenda kwenye tuzo za Grammy kabeba 6 usiku mmoja, nakala zaidi ya milioni 30. Mi nasikiliza huku natengeneza biti. "Kwa hiyo bro na sisi tuiite kwa umri wangu." Nikamwambia poa, una mingapi? Akanyamaza kidogo, akasema tuiite 22. Nikamwambia dada, mimi na wewe tumemaliza la saba mwaka mmoja. Akasema basi jina tutaliangalia baadae.

Hiyo ndogo. Kubwa ni kwamba 21 karibu yote ni mtu kaumizwa. Ile Rolling in the Deep, Adele katoka kuachana na jamaa yake ndo anaingia studio London kwa prodyuza Paul Epworth, kaja na wimbo wake wa polepole haujaisha, Epworth akamwambia hebu tupige kitu cha hasira. Sasa msanii wangu hasira anaitoa wapi wakati ana shemeji wa aina ile?

Shemeji, yaani bwana wake, ni mwema kupita kiasi. Analipia studio, anamleta, anamfuata, anakuja na chipsi mayai za watu wote mpaka dogo wa getini, na hii muishike vizuri, maiki ni yake, saundi kadi yake, hedifoni zake, stendi yake, mzigo wote alinunua Kariakoo kwa hela yake. Dada kakaa na daftari mchana kutwa anatafuta maumivu, akaambulia ubeti mmoja wa malalamiko, nikausoma, unamsema konda aliyekula chenji.

Ndo akatoa simu. "Bro, namwacha." Unamwacha nani? "Shemeji yako. Kwa ajili ya kazi tu, tukimaliza albamu tunarudiana." Nikamwambia dada hiyo haipo, Adele hakuachana na mtu ili ratiba ya studio iende, akaniambia mi sanaa siijui. Akaandika meseji ndefu imejaa "Mungu atakupa aliye bora zaidi yangu", akatuma. Tiki mbili. Zikawa za bluu. Tukakaa tunasubiri, kashanipanga kabisa kwamba jamaa akipiga kubembeleza nimrekodi, tutamuweka mwanzo wa albamu.

Jibu likaja. "Sawa."

Basi, hiyohiyo, hata kikatuni cha kulia hakuna.

"Sawa? SAWA? Miaka yote hii mtu ananiambia sawa? Washa biti!" Jamani nikawasha. Alichoimba pale siwezi kukielezea, daftari kalitupa chini, maneno yanatoka yenyewe, mi nywele zimesimama. Katikati akanisimamisha, "Nataka mguu!" Mguu wa nini tena? Kumbe alishasoma kwamba kile kishindo cha Rolling in the Deep kuna mguu unakanyaga mbao za ngazi. Sisi ngazi hatuna, nyumba nzima vigae. Akatoka uani akarudi na mbuzi ya kukunia nazi ya mama mwenye nyumba, akaikunja ule ulimi usimkate, akaanza kuikanyaga huku anaimba, kwa! kwa! kwa! na siwafichi, ilikuwa tamu kuliko ngoma zote nilizopakua tangu nianze hii kazi.

Huko nje nasikia, "Nani kachukua mbuzi yangu? Nazi nshavunja!" Nikauchuna. Ubeti wa pili mlango ukafunguka, shemeji huyo, begi mgongoni, uso mkavu, mkononi hana chipsi. "Shem, samahani, nimekuja kuchukua vitu vyangu." Dada hakuacha kuimba, sasa ndo anamwimbia yeye, kidole usoni, miguu yote juu ya mbuzi, shemeji naye anakunja waya taratibu kwa adabu zake zote, anauliza "na boksi la stendi liko wapi?", dada anapandisha, jamaa anainama kutafuta boksi chini ya meza, mama mwenye nyumba kaingia na kifuu mkononi, na mbuzi ikafanya KRAA, vipande viwili. Kimya. Ndani ya kile kimya mama akasema kwa upole kabisa, "Wanangu, na wageni wangu wanakula nini?" Hapo ndo shemeji akachomoa maiki.

Kikabaki kile tulichorekodi mara moja tu, kiko kwenye kompyuta.

Dada alipomaliza kulia akasema turudie vizuri. Akakopa hela tukaenda studio kubwa ya mjini, AC mpaka nikatamani koti, watu wananong'ona, maiki imefunikwa kitambaa. Akaimba. Ikatoka safi, haina kosa hata moja, na haina kitu, utadhani anasoma risiti ya umeme ya LUKU. Tukarudia, risiti ileile. Akakaa kwenye korido akaniambia, "Unajua hata Adele ilimkuta." Nikajua tumeanza tena, ila hapo alikuwa na pointi, maana ni kweli walimpeleka Malibu, Marekani, kwa Rick Rubin, prodyuza mwenye jina zito, na bendi nzima, halafu mwisho wa siku kazi nyingi za kule wakaziweka pembeni wakarudi kwenye demo, zile rekodi za mwanzo za majaribio. Hata Someone Like You aliyoandika na mtunzi Dan Wilson kule Los Angeles, piano na sauti basi, ile inayotutoa machozi kila siku ndo demo yenyewe.

Basi na sisi tukarudi kwenye demo yetu. Nikajaribu kumfuta shemeji, hafutiki, nikimkata yeye nakata na sauti ya dada. Tukaiachia hivyohivyo, mbuzi inapasuka, mama mwenye nyumba anaulizia chakula cha wageni.

Ikatembea mtaani. Ila watu hawamuulizi dada, wanauliza yule kaka wa "boksi la stendi liko wapi" ni nani, mbona anaongea kwa uchungu vile. Bodaboda wa kijiweni wanasalimiana hivyo, "Oya, boksi la stendi liko wapi?" Shemeji zikamfikia. Akanipigia, mpole vilevile, akasema hana ugomvi na mtu ila sauti yake ni jasho lake na ameshaulizia COSOTA, wale wa hakimiliki, utaratibu ukoje. Dada kusikia akatoka mbio kwenda kwake, nikasema leo wanauana, kumbe wamerudiana, ila kwenye mgao bado wanavutana, jamaa anataka nusu, dada anasema aliyeandikiwa "sawa" ni yeye kwa hiyo maumivu yote ni mali yake. Mama mwenye nyumba kanunuliwa mbuzi mpya, anailaza chini ya kitanda.

Albamu sasa imekwama, wamepatana, chipsi zimerudi, daftari jeupe. Juzi usiku nikasikia hodi, nafungua ni shemeji, peke yake, begi mgongoni. Nikajua kuna kitu kasahau. Akaingia, akatoa maiki, akaifunga kwenye stendi mwenyewe, akakohoa.

"Shem, niwekee ile biti. Ila dada yako asijue."