Wageni wa Krismasi, mbwa wangu sio jalala

Jamani hii tabia ya kumtupia mbwa kila kinachobaki kwenye sahani siku ya Krismasi inanikera kweli. Kila mwaka nawaambia wageni mapema, msimpe mifupa ya kuku, na kila mwaka lazima anko mmoja aseme "aah, mbwa si mfupa ndo chakula chake" halafu huyo anaurusha chini ya meza. Mfupa wa kuku ukishapikwa unavunjika vipande vyenye ncha kali, vinachoma koo na utumbo, na tarehe 25 kumpata daktari wa mifugo ni shughuli. Keki nayo, zile zabibu kavu zinaweza kumharibu mbwa figo hata akila chache, chokoleti sumu, vitunguu sumu, na pilau lote lile limejaa vitunguu, lakini watoto wanamlisha na watu wazima wanacheka tu.

Usiku ndo fataki sasa. Mbwa anasikia hadi sauti ambazo sisi hatuzipati kabisa, anatetemeka, anajikojolea, wengine wanaruka ukuta wanapotea moja kwa moja. Wa kwangu namuingiza chumba cha ndani, nafunga mapazia, nawasha redio, nakaa naye.

Ila wanaonitia hasira zaidi ni wanaofunga nyumba wanapanda basi kwenda Moshi mpaka mwaka mpya, mbwa kaachwa kwenye mnyororo na sufuria moja ya maji, na joto la Dar la Desemba mnalijua. Si mumlipe basi hata kijana wa mtaani apite asubuhi na jioni, hela ya kreti la soda mbona mnayo!