Sangara mama na kikomo kisichoeleweka

Katika mwalo wowote wa Mwanza, pale samaki wanaposhushwa kutoka Ziwa Victoria, ukiuliza kwa nini sangara mdogo asivuliwe utajibiwa upesi: bado mtoto huyo. Sentimita 50 kila mtu anazijua, na wapo wanaozikadiria kwa mkono tu wakapatia. Sasa uliza kwa nini na mkubwa aachwe. Nyuso zinabadilika. Mkubwa si ameshaishi vya kutosha?

Nchi tatu zenye ziwa, kupitia Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lenye makao yake Jinja, ziliwahi kukubaliana sangara avuliwe akiwa kati ya sentimita 50 na 85. Kikomo cha chini kilieleweka. Cha juu kikaonekana amri ya watu wa ofisini, na nadhani ni kwa sababu hakuna aliyekaa na wavuvi akawapigia hesabu yake.

Hesabu yenyewe ni hii. Sangara dume hukomaa mapema, jike huchelewa. Jike wa sentimita 50, ambaye tunaona ni halali kabisa kumchukua, mara nyingi hajataga hata mara moja. Halafu samaki akirefuka mara mbili, uzito wake hauongezeki mara mbili, unaongezeka karibu mara nane, maana anakua urefu, kina na unene kwa pamoja. Kwa hiyo jike wa mita moja ana mwili wa majike wanane wa nusu mita, na hao wanane wote kwa pamoja huenda wasiwe na yai moja la kutaga msimu huu, wakati yeye mayai yake yanahesabika kwa mamilioni. Mnadani anaandikwa samaki mmoja. Kilichotoka ziwani ni uzazi wa miaka.

Nimesimama mara nyingi anapopasuliwa. Kisu kinapita tumboni, mifuko miwili ya mayai inateleza nje, mizito, ya kujaza viganja. Kisha mkono unaingia ndani zaidi, chini ya uti wa mgongo, unalibandua bondo, kile kibofu chake cha hewa, polepole lisichanike. Bondo linaoshwa na kuanikwa, macho yote yako pale. Mayai yanasukumwa pembeni. Na bondo, linalosafiri hadi China, bei yake hupanda kadiri samaki alivyo mkubwa, kwa hiyo soko linamtafuta yule yule ambaye ziwa linamhitaji zaidi. Hapo ndipo roho inaponiuma.

Mvuvi naye ana hoja, tena nzito. Wavu hauna rula. Sangara aliyenasa usiku, alfajiri ameshakufa, na kumrudisha majini ni kumtupa tu. Kuna deni la mafuta, kuna tajiri mwenye mtumbwi anayesubiri. Wapo pia wanaokumbusha, kwa haki kabisa, kwamba sangara si mwenyeji hapa: alipandikizwa kuanzia miaka ya 1950, akawamaliza furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa, wa aina nyingi, na akikubuhu hula hata wadogo wa jamii yake. Kweli tupu. Ila furu waliotoweka hawarudi kwa kumchinja mama huyu, na viwanda vya minofu na kayabo, sangara wa chumvi, ya soko la Kirumba vinamtegemea yeye.

Ninachokubaliana na mvuvi ni kwamba kupimia ufukweni ni kuchelewa. Operesheni Sangara ya 2018, ule msako wa serikali dhidi ya uvuvi haramu, ilituachia kumbukumbu ya nyavu zilizochomwa na faini, na uchungu wake haujaisha mialoni. Mama huyu hulindwa akiwa bado majini. Wavu wa matundu ya kadiri humpitisha mdogo, na mkubwa sana kichwa hakiingii, hugonga akaondoka. Anayemfuata mama hasa ni ndoano kubwa yenye chambo hai, na kudhibiti ukubwa wa ndoano dukani ni rahisi kuliko kumfukuza mtu usiku.

La pili ni mazalia. Maji ya kisiwa cha Rubondo, hifadhi ya taifa tangu 1977, yanampa sangara mahali pa kuzaliana bila kupimwa na mtu. Tunahitaji ghuba nyingine za namna hiyo, hata kama ni ndogo. Na ni ghuba zipi majike wenye mayai hukusanyika, na mwezi gani, wazee wa mialoni wanajua. Waulizwe wao kwanza, kabla ramani haijachorwa.