Moyo hukingwa kwa pumzi
Ndugu Mhariri, makala yenu imesema kweli kwamba mionzi ya kutibu saratani ya titi la kushoto huweza kuufikia moyo, lakini imewaachia wasomaji hofu bila kuwaeleza jinsi moyo unavyokingwa. Njia mojawapo haihitaji dawa yoyote: mgonjwa, akiwa amelala chali na mkono ameuinua juu ya kichwa, huvuta pumzi ndefu na kuibana kwa takriban sekunde 20, mapafu yakajaa hewa na kuusogeza moyo mbali na ukuta wa kifua, ndipo mashine inapoachia mionzi; akipumua, mionzi husitishwa. Mazoezi hufanywa kabla ya picha za kupangia tiba, na asiyeweza kubana pumzi huweza kutafutiwa mkao mwingine, kama vile kulala kifudifudi.

Utafiti wa wanawake 2,168 wa Sweden na Denmark, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kila grei 1 (kipimo cha mionzi inayofyonzwa mwilini) ya wastani inayofika moyoni huongeza kwa asilimia 7.4 uwezekano wa kupata maradhi makubwa ya mishipa ya moyo, na hakikuonekana kiwango kisicho na madhara. Hata hivyo, wanawake hao walitibiwa kati ya 1958 na 2001, kwa mbinu za zamani, kwa hiyo si haki kumtishia mgonjwa wa leo takwimu hizo bila maelezo. Aliyeandikiwa mionzi asiikimbie. Amwulize daktari wake ni grei ngapi zitafika moyoni, kwa kuwa hesabu hiyo hufanywa wakati tiba inapopangwa.