Sabato, dadu, na yule asiyepumzika mezani

Mkristo akisema Jumapili hachezi Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao kila mtu huigiza mhusika wake na dadu huamua yatakayompata, wengi humhesabu pamoja na walioingiwa na hofu kule Marekani miaka ya 1980. Mchezo ulitoka mwaka 1974. Miaka kumi baadaye kijitabu cha katuni cha mchoraji Mkristo wa Marekani, Jack Chick, kiitwacho Dark Dungeons, kiliuonyesha kama mlango wa uchawi. Hofu ile iliwaumiza vijana wengi bure. Lakini mtunza Sabato ninayemzungumzia hataji pepo hata mara moja. Anachotaja ni siku: kwake Jumapili ndiyo Sabato.

Wachezaji nao wana hoja. Bwana alisema Sabato ilifanyika kwa ajili ya mwanadamu. Watu watano wakizunguka meza moja, simu kando, wakitunga hadithi pamoja mchana kutwa, huo ni ushirika kuliko kujilaza mbele ya runinga. Mfalme James I wa Uingereza aliliona jambo hili mwaka 1618, akaruhusu ngoma na kulenga upinde baada ya ibada, maana kwa kibarua Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa nayo.

Wapuriti, Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kanisa litakaswe zaidi, walikataa, na Ungamo la imani la Westminster la 1646 likaagiza burudani za kidunia ziachwe siku nzima. Wengi husoma hapo wakaona ukali mtupu. Wasome Isaya 58:13: aya ile ile inayokataza “anasa yako” ndiyo inayoiita Sabato siku ya furaha.

Sasa mtazame msimulizi, yule anayeuendesha mchezo. Wenzake huja na dadu na karatasi ya mhusika, basi. Yeye Jumamosi usiku alikuwa akichora ramani ya mapango na kupima nguvu za joka lisije likawamaliza wote mapema. Jumapili anaigiza mlinzi wa lango, muuza samaki, malkia. Anakumbuka kanuni, anasuluhisha wanaobishana, na jioni sauti imemkauka. Ni kweli anaipenda kazi hiyo. Mama anayewapikia wageni pilau naye anapenda, na bado miguu inamuuma.

Hapo ndipo Kutoka 20:10 inaponishika. Amri haikuishia kwa “wewe”. Imemtaja mtumwa, mjakazi, mnyama wa kufuga, hata mgeni aliye ndani ya malango. Imemtafuta yule ambaye jasho lake ndilo linalowapumzisha wengine. Mjadala wa pepo haujawahi kumwona mtu huyo, wala utetezi wa “ni mchezo tu”.

Vipo vikundi vinavyopokezana usimulizi, au kutumia hadithi iliyokwisha kuchapishwa, na mzigo hupungua kweli. Hata hivyo, kila wiki mmoja wao anaubeba.

Mimi ningeihamishia meza Ijumaa usiku. Jumapili, baada ya ibada, ningemwalika msimulizi wetu chakula cha mchana, aje mikono mitupu.